Glavu Nyeupe za Mama Asmani

Ukipita kata ya Waswahili pale Rumonge, kando ya ziwa, siku moja kabla ya wageni wakubwa kuja, hutakosa kuiona kamba ya Mama Asmani. Inatoka kwenye pembe ya nyumba mpaka kwenye mchikichi wa jirani, na chini yake amepanga vijiti ukutani. Juu ya vijiti na juu ya kamba zinakaa glavu nyeupe arobaini na nane, vidole juu, kama darasa zima linalotaka kujibu swali la mwalimu. Watoto wakipita wanazipungia mkono.

Jina lake ni Nafisa, lakini jina hilo limebaki kwa ndugu na kwenye kadi ya kura. Baba yake aliuza nguo, mjukuu wa Waarabu wa Oman waliofika ziwani zamani na kuoa huku huku. Katika nyumba ile heshima ilipimwa kwa kanzu ya Ijumaa. Nafisa alikuwa na miaka kumi tu alipojua kwamba nguo nyeupe haitaki sabuni nyingi, inataka mtu asiye na haraka. Alisoma mpaka la sita, akaolewa na Yazid aliyekuwa dereva wa kamyo, lori la mizigo, akazaa mtoto mmoja, Asmani. Mtoto hajatimiza mwaka, vita vikamchukua Yazid njiani, upande wa Muhuta. Walizikwa watu wengi siku ile, kwa haraka, na waliowazika wakakimbia. Mpaka leo Nafisa hajui ni shimo gani. Yeye si mtu wa kulalamika. Akimkumbuka mumewe husema neno moja tu: "Hakuna aliyesimama." Halafu anachukua tasbihi yake.

Kazi ya glavu aliipata kambini miaka kumi na miwili iliyopita. Askari wa gwaride la heshima ni ishirini na wanne, na kila mmoja ana jozi yake. Mgeni wa serikali akishuka kwenye gari, glavu hizo zinasimama. Askari akirudi ndani ya sanduku la maiti, zinasimama hizo hizo. Nafisa anazifua, anazipitisha kwenye maji ya bluu ya kung'arishia, anazitia wanga wa muhogo uliochujwa kwa kitambaa, na kabla hazijakauka sawasawa anazipiga pasi ya makaa, kidole kimoja kimoja. Ndani ya kila glavu ametia namba kwa uzi mwekundu, moja mpaka ishirini na nne, kwa sababu mikono ya watu haifanani.

Namba saba ilikuwa ya mwanawe.

Asmani aliingia jeshini mkubwa wa mikono kuliko wenzake wote. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akienda Kigwena kusukuma mashine ya kukamua mawese, ile ya kuzungushwa na watu wanne, na viganja vyake vikapanuka kama kasia. Alipochaguliwa kwenye gwaride la heshima, hakuna glavu iliyomwingia. Nafisa alifumua namba saba, akaongeza kipande cha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akashona kwa mishono midogo mpaka Asmani mwenyewe akasema, "Mama, hapa umeshona au umeomba dua?" Alisimama na glavu hizo miaka miwili. Kisha akatumwa nchi ya mbali kulinda amani ya watu wengine, akaacha glavu kwa mama yake na kusema zikae tayari.

Habari ya kifo ilikuja Jumapili. Mwili, wakaambiwa, unahitaji siku kadhaa: ndege, karatasi, sahihi. Nafisa alikaa kwenye mkeka na wanawake, akasoma, akangoja. Jumamosi iliyofuata, kifurushi cha glavu kikaletwa mlangoni kama kinavyoletwa siku zote. Askari aliyekileta alikiweka juu ya kizingiti, akavua kofia, akaondoka.

Nafisa alikitazama kifurushi kile muda mrefu.

"Wamezileta," alimwambia Naomie, jirani yake. "Ni za kumpokea Asmani."

Naomie ni mtu wa Uvira, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mkristo wa kuimba kwaya kila Jumapili, na ulimi wake hauna breki. Siku hiyo alishika ndoo. Alimsaidia tu kuchota maji. Siku tatu Nafisa alizifua glavu zile kwa namna ambayo hajawahi kufua kitu. Wanawake wa mkekani walimwambia apumzike, mwenye msiba hafui. Akawajibu kwa upole, "Hii siyo kazi. Hii ninamvisha mwanangu." Alitoa jozi ya namba saba kwenye sanduku lake la nguo, akaifua na wenzake.

Ikawa Jumanne, siku tisa tangu habari ije. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mbingu bado ilikuwa na uso wa jivu. Shemeji yake Ahmed alipiga simu kutoka barabarani: kamyo ya jeshi imetoka Bujumbura na sanduku, yeye anaifuata nyuma kwa teksi, lakini udongo umeporomoka Gitaza na magari yamepanga foleni. Wakijaliwa watafika baada ya adhuhuri. Sheikh Murshid wa msikiti wa mtaa alikwisha kusema: sanduku limefungwa kwa bati huko lilikotoka, halitafunguliwa, ataswaliwa alasiri na kuzikwa papo hapo.

Saa mbili asubuhi Ajida Casimir akaingia uani. Ajida ni cheo chake jeshini; ndiye mkuu wa gwaride la heshima, mtu mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Alivua kofia.

"Amahoro, mama. Poleni tena."

"Amahoro, Ajida. Tumeshapoa." Nafisa aliinuka. "Mvua ilipoanza nimezihamishia chini ya bati. Nyingi zimekauka, bado hizi za ukutani. Niambie watafika saa ngapi, nitoe mkeka hapa mlangoni wapate nafasi ya kujipanga."

Casimir aliigeuza kofia mikononi. "Kujipanga?"

"Kwa Asmani. Sisi wanawake hatuendi makaburini, unajua. Kama ni kumsimamia, wamsimamie hapa, nione."

Yule bwana akatazama glavu, akatazama chini. Hapo ndipo alipoelewa mama huyu alikuwa akifua nini siku zote tatu.

"Mama," alisema taratibu, "hizi ni za mgeni. Kesho anakuja mgeni mkubwa kutoka nje kufungua ghala la barafu pale bandarini. Leo saa tisa tuna repetisyo, mazoezi ya gwaride. Nimekuja kuzichukua."

Mkekani wanawake waliinua vichwa.

"Na Asmani?" Nafisa aliuliza.

"Komanda amesema hivi. Mukizika leo, muzike kifamilia. Mukingoja Alhamisi, mgeni akishaondoka, tutafanya yote. Bendera, tarumbeta, mstari mzima. Siku mbili tu, mama. Ameshangoja tisa."

Nafisa ni mtu wa sauti ndogo. Wanaomjua wanasema hajawahi kumfokea hata mbuzi. Siku hiyo pia hakupandisha sauti.

"Zile tisa alikuwa mikononi mwenu," alisema. "Leo anaingia mikononi mwangu. Na maiti wetu hawekwi sebuleni angoje mgeni aondoke."

"Ninaelewa, mama, lakini ni amri."

"Sawa. Ngoja nikutolee."

Akaanza kuzitoa glavu kwenye vijiti, moja moja, akizipanga juu ya mkono wake wa kushoto kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Casimir akashusha pumzi. "Murakoze, asante, mama. Nilijua utaelewa. Weye ni mtu wa Mungu." Alifungua mfuko.

Nafisa alimpita na mfuko wake. Alikwenda mpaka kwenye beseni kubwa la maji ya mvua, chini ya mchirizi wa bati, akainama, akazitumbukiza glavu zote. Akazikandamiza kwa viganja viwili mpaka mapovu ya mwisho yakatoka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazilowanisha."

"Kwa nini?"

"Ili zilowe, Ajida." Alijifuta mikono kwa kanga. "Mimi sisemi uongo, wala sitakuambia zimenianguka. Nimezilowanisha mimi, mbele yako, na mashahidi hawa hapa. Kwa hali hii ya mbingu zitakauka keshokutwa. Kwa pasi yangu zinaweza kukauka mchana huu. Pasi ile pale. Wakisimama kwa mwanangu leo, zitasimama na kwa mgeni wenu kesho, nyeupe kuliko siku zote. Wasiposimama, mwambie Komanda amkaribishe mgeni kwa mikono yake aliyopewa na Mungu."

"Hii ni mali ya serikali!" Casimir alisema, na sauti ikamponyoka ikawa kubwa.

"Na Asmani alikuwa mali ya nani?"

Kutoka upande wa pili wa ua ukasikika mlio wa ungo ukitupwa chini. Naomie alikuwa amepanda juu ya ndoo, kichwa kimechungulia. "Mujibu, Ajida! Mbona umekauka kuliko ndagala zangu? Dada yangu, yaya Nafisa, amekuuliza kiswahili, hakukuuliza kichina!"

"Wewe mama wa ndagala, nyamaza, hii ni mambo ya jeshi."

"Jeshi gani? Hapa ninaona mwanaume mumoja na beseni. Ingiza mukono basi, uzikamue! Utazipeleka zimechuruzika mpaka bandarini, mugeni atafikiri munamufulia nguo!"

Wanawake wa mkekani waliofiwa, Mungu atusamehe, walicheka. Hata Nafisa aligeuza uso.

Casimir akatoka nje kupiga simu. Aliomba glavu nyingine Bujumbura. Akajibiwa kwamba zipo, lakini nani atazivusha pale Gitaza? Kamyo yenyewe ya sanduku imekwama tangu alfajiri, na mgeni wa kesho atakuja kwa boti. Aliuliza kama glavu zinaweza kuja na boti hiyo hiyo ya mgeni. Aliyekuwa upande wa pili wa simu alicheka, kisha akakata.

Habari haikai uani. Kabla ya saa nne Ahmed alikuwa amekwisha kuipata huko huko kwenye foleni. Alipiga simu, anahema.

"Shemeji, unatutia aibu! Watakufunga siku ya kumzika mtoto!"

"Wakinifunga, weye utamzika. Kwani mlikuwa mnaningoja mimi nikamzike?"

"Mtu wetu ameshakufa kwa heshima. Hahitaji matarumbeta."

"Sijaomba tarumbeta, Ahmed. Na ukifika kwenye ile kona ya Muhuta, angalia dirishani. Kaka yako yuko pale mahali fulani. Nioneshe ni wapi, nami nitazitoa glavu kwenye maji sasa hivi."

Ahmed alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Sheikh Murshid alikuja kwa miguu, kanzu ameipandisha kukwepa matope. Ni mtu mwema, lakini anaogopa bidaa, mambo ya kuzushwa katika dini, kama wengine wanavyoogopa mamba. Akakaa kwenye kigoda nje ya mlango.

"Mama Asmani, heshima ya maiti ni dua na kuharakishwa. Hizi bunduki na ngoma za kizungu zitamfaa nini?"

"Sheikh, wewe ndiye ulinifundishia mwanangu Kurani. Nikuulize, nawe unisahihishe. Jeneza lilipita mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Alifanya nini?"

Sheikh alivua miwani. "Alisimama."

"Wakamwambia ni jeneza la Myahudi. Akasemaje?"

"Akasema, kwani si nafsi?"

"Basi mimi sitaki bunduki ilie wala tarumbeta lipigwe. Ninataka wasimame. Hata pumzi kumi. Waite jina lake, wasimame, kisha mumchukue nyinyi kwa swala na dua na haraka yenu yote. Nimeomba kitu kikubwa?"

Sheikh Murshid aliifuta miwani yake kwa pindo la kanzu, na ilimchukua muda mrefu kuliko miwani ilivyokuwa chafu. "Bendera itolewe kabla ya swala," alisema mwishowe. "Na wasipige chochote."

"Hawatapiga."

"Basi mimi sina neno." Akainuka, akaenda moja kwa moja nje kwa Casimir. Watu walimwona akimwambia kitu, mkono begani, halafu akaendelea zake msikitini.

Ilipofika saa tano Casimir alirudi uani. Safari hii hakuvua kofia tu, alichuchumaa, jambo ambalo suruali yake yenye mkunjo mkali haikulipenda. Alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, nimepata njia. Komanda ameamuru repetisyo ifanywe leo. Hakusema ifanywe wapi. Nitawaleta vijana hapa, katika hii njia yako. Sanduku likifika, watakuwa wamesimama. Kwenye karatasi nitaandika repetisyo. Kila mutu atakuwa amepata haki yake."

Wanawake waliangaliana. Mmoja alianza kusema alhamdulillah. Hata Naomie, juu ya ndoo yake, alipiga kofi moja la furaha.

Nafisa akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Hapana? Mama, ndicho ulichokitaka!"

"Mwanangu si mazoezi." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikutetereka. "Mgeni wenu hafanyiwi mazoezi na jeneza la mtu. Vijana wakija hapa wanakuja kwa Asmani. Karatasi yako andika unavyotaka, mimi sitaisoma. Mdomo wako ndio ninaoutaka. Useme jina lake na cheo chake. Na wewe mwenyewe utangulie kupiga saluti, si wao."

"Komanda akisikia nimetaja jina..."

"Atasikia. Kata nzima itasikia."

Casimir alibaki amechuchumaa. Kofia ilimwanguka kwenye tope na hakuiokota. "Unajua," alisema, "ni miye nilimufundisha kusimama. Alikuwa anasimama kama mutu anabeba gunia. Nilimupiga kwenye magoti mara mingapi. Mwisho akawa anasimama kuliko wote. Wakaniuliza nani nimutume kule, nikatoa jina lake, kwa sababu alikuwa muzuri."

Nafisa alimtazama. Hilo alikuwa halijui. Angeweza kumwambia neno la kumvunja mgongo, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Basi njoo usimame," alisema.

Casimir aliokota kofia yake.

Hapo ndipo zilipoanza mbio. Naomie aliruka ua na pasi yake mkononi, makaa yakiwaka, kitenge amekikaza. Meza mbili zikatolewa barazani chini ya bati. Wasichana wa mtaa wakakamua, Nafisa na Naomie wakapiga pasi. Mvua ikarudi, nyepesi, ikawa inapiga bati juu ya vichwa vyao. Mvuke ulipanda mpaka nyuso zao zikawa kama za wapika uji. Glavu ikilowa sana inaungua kwa juu na kubaki bichi ndani. Sharti uipige kidogo, uigeuze, uiache ipumue, uirudie. Vidole vitano, mara arobaini na nane.

"Yaya, hii namba kumi na moja ni ya nani?" Naomie aliuliza. "Mukono kama wa mutoto."

"Wa Mardochée, yule kaporali wa Makobola."

"Na bunduki anaibeba na nini, na meno?"

"Piga pasi, Naomie."

Saa saba na nusu walikuwa wamemaliza jozi ishirini na tatu. Namba saba alikuwa ameiacha ya mwisho. Nafisa aliichukua, akaipiga polepole, akapitisha ncha ya pasi kwenye kile kipande alichokiongeza mwenyewe. Halafu hakuiweka na wenzake. Aliitia ndani ya kanga yake, kifuani.

Gari la vijana lilifika. Wakashuka, wakajipanga katika njia ile nyembamba, kati ya ukuta wa Nafisa na meza za kuanikia ndagala za Naomie, matope yakifika kwenye kifundo. Kila mmoja alipopita barazani alipokea glavu zake, bado zina moto wa pasi, na kila mmoja alisema, "Murakoze, mama," bila kuamriwa na mtu. Ishirini na tatu walivaa. Wa ishirini na nne, kijana mpya aliyepewa nafasi ya saba baada ya habari ya kifo, ambaye bado hana glavu zake, alifika, akatazama meza tupu, akamtazama Nafisa.

"Yako haipo," Nafisa alimwambia. "Leo nafasi hiyo ina mwenyewe."

Yule kijana alimgeukia Casimir. Casimir akamwonesha kwa kidevu akae pembeni. Mstari ukabaki na pengo mahali pa saba, upana wa mtu mmoja mwenye mikono mikubwa.

Kamyo ikaja, nyuma yake teksi ya Ahmed. Ilishindwa kuingia njiani, wanaume wakalibeba sanduku mabegani kutoka barabarani, bendera juu yake, nyekundu na kijani na nyeupe, imelowa na kushikamana na mbao. Ahmed alikuwa mbele, matope mpaka magotini. Alipoona vijana wale wamesimama, mdomo ulimfunguka. Akakaza hatua.

Wakaliweka mbele ya mlango, juu ya viti viwili. Nafisa alisimama kizingitini, wanawake nyuma yake. Mvua ilikuwa imekatika kidogo.

Casimir alitoka mbele ya mstari. Kila mtu alisikia anavyovuta pumzi.

"Kaporali Asmani Yazid!" aliita. Sauti yake ilipanda juu ya mabati, ikafika mpaka kwenye mitumbwi. "Wa gwaride la heshima! Nafasi ya saba!"

Akapiga saluti. Mikono ishirini na mitatu ikapanda pamoja, nyeupe, bila kelele. Hapakuwa na tarumbeta, hapakuwa na bunduki. Mkokoteni wa mawese uliokuwa ukija ulisimama, mwenye mkokoteni akavua kofia. Nafisa hakuhesabu pumzi kumi. Alimtazama mtu mmoja mmoja, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na alipofika kwenye pengo alilitazama sawa na wengine. Nadhani zilikuwa pumzi thelathini, na hakuna aliyeshusha mkono kabla hajamaliza. Kisha akainamisha kichwa, kidogo tu, kama mwenye nyumba anayewaruhusu wageni kukaa.

Sheikh Murshid akaiondoa bendera mwenyewe, akaikunja vibaya, akamkabidhi Casimir. Wakatandaza kitambaa cha msikiti. Wanaume wakalibeba sanduku, na haraka aliyoitaka Sheikh ikaanza, laa ilaha illallah, laa ilaha illallah, mpaka sauti ikapotea kwenye kona. Nafisa alibaki kizingitini.

"Wamesimama," alisema.

"Wamesimama, yaya," alijibu Naomie, na sasa ndiye aliyekuwa akilia.

Jioni ile ile Casimir alituma kijana mpya aombe namba saba. Mstari wa mgeni ulihitaji watu ishirini na wanne, wote na glavu. Nafisa alimpa kijana chai na kitumbua, akamwambia amrudishie Ajida salamu, na glavu hazitoki. Kijana akauliza atasema sababu gani. "Mwambie nimekataa," alisema Nafisa. "Hiyo ni sababu tosha."

Siku ya pili Naomie alikwenda bandarini kuangalia, akarudi anapiga mikono. Mgeni ameshuka kwenye boti, akatembea juu ya zulia jekundu, akipita mstari. Kufika wa saba, akakuta kijana amesimama sawasawa, kifua mbele, mikono mitupu. Mgeni akasimama. Komanda uso ukamgeuka. Mgeni akamuuliza Casimir kwa Kifaransa, na Casimir akajibu kwa Kifaransa, na Naomie alikuwa karibu kabisa, nyuma ya kamba, akasikia kila neno.

"Akasema nini?" aliuliza Nafisa.

"Akasema, hizo glavu ziko kwa mama wa mwenyewe, na yeye Ajida hana nguvu ya kuzichukua."

"Mgeni akasemaje?"

"Akavua kofia, yaya. Akapita."

Kama Casimir aliadhibiwa, hakusema, na Nafisa hakumuuliza. Baada ya wiki mbili aliingia uani mwenyewe, viatu vimeng'aa vilevile, na jozi mpya kabisa ndani ya plastiki. Aliiweka juu ya meza ya pasi.

"Zimefika kutoka Bujumbura," alisema. "Zinahitaji namba, mama. Utie saba."

Nafisa alitoa sindano na uzi mwekundu. Alivaa miwani, akalamba ncha ya uzi, akautunga. Alishona, Casimir amesimama, mpaka alipokata uzi kwa meno. Akamrudishia.

Casimir aliigeuza glavu, akasoma. Ilikuwa imeandikwa ishirini na tano.

"Mama, watu ni ishirini na wanne. Kwenye lisiti, ile orodha yetu, namba itaonekana imeruka saba."

"Iache iruke," alisema Nafisa, akafunua pasi kuangalia makaa. "Atakayeuliza, mlete kwangu."